Tupeane uzoefu: umewahi kumtoa mjamzito porini mpaka hospitali?

Kibosho Juu: Wadau, leo hapa stendi Moshi kuna mama kashushwa kwenye bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na mama mkwe, kanga zimelowa chapachapa, wametokea tambarare huko. Waliowahi kusindikiza mzazi kutoka mbali mwageni, wengine wake zetu wanakaribia.

Mama Nai: Weee usinikumbushe.

Loibor: Ketumbeine, Longido, masika. Shemeji yangu uchungu umemshika tangu jana yake, bibi mkunga anasema subirini tu, na mzee wa boma yuko mnadani, bila yeye nani athubutu kuuza hata mbuzi apate hela ya gari. Jioni ikapatikana Land Cruiser ya mnunuzi wa ng'ombe, laki mbili na nusu mkononi ndo anawasha, kufika korongoni maji mekundu yanashuka na magogo, dereva kazima injini kalala zake, mimi nimemshikilia mgongo shem anatafuna ncha ya shuka hata kulia halii. Tumevuka saa nane usiku. Kapasuliwa, mtoto tulishampoteza. Haikuishia hapo, wiki haijaisha mkojo ukawa unajitokea wenyewe, wakamhamishia kibanda cha ndama ati karogwa. Kumbe fistula, kichwa cha mtoto kikikwama muda mrefu kinabana nyama za kwenye kibofu mpaka zinakufa, panabaki tundu. Alishonwa hospitali ya CCBRT Dar, bure, akapona.

Kibosho Juu: Dah.

Binti Upareni: Ndo maana nasema hao wakunga wa jadi wakamatwe wote.

Mama Nai: Wakamatwe halafu akupokee nani? Zahanati yetu nesi mmoja na siku hiyo yuko semina. Na akiwepo, "wakati unaitafuta ulipiga kelele hivi?" Bibi angalau anakusugua mgongo.

Binti Upareni: Bibi ataongeza damu kwa kusugua mgongo? Mama akimwaga damu baada ya kujifungua anaweza asimalize hata masaa mawili.

Sokoni Kilombero: Punguzeni jazba. Mie nimeolewa umasaini, miezi ya mwisho mama mkwe kanikatia nyama na maziwa, ati mtoto asinenepe akakwama. Nikawa natoroka Monduli mjini kula chipsi kuku, damu ilikuwa imeshuka kliniki wananitolea macho. Ushauri: kula, ukiulizwa sema ni gesi.

Mkuu wa Kaya: Pigeni 115, bure, ndo m-mama hiyo, usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga. Ambulensi ikikosekana wanamtuma dereva wa hukohuko na wao ndo wanamlipa.

Loibor: Bure ukiwa na mtandao, mkuu, sisi kuupata tunapanda kilima.

Mkuu wa Kaya: Basi mwezi wa mwisho ahamie kwa ndugu mjini.

Mama Nai: Aache watoto watano na ng'ombe na nani, wewe?

Dogo wa Majengo: Oeni jirani na hospitali ya Mawenzi hapa Moshi, basi 😂

Binti Upareni: Loibor samahani, hiyo Dar nauli mlitoa wapi? Huku Same milimani kuna dada ana hilo tatizo, wanamficha, mume kashaoa mwingine.

Loibor: Walituma wao CCBRT kwa M-Pesa. Njoo inbox dada nikupe namba ya yule aliyetuunganisha.