Fundi kanibadilishia kontrola ya kigari cha gofu bila kupima, ubovu haukuwa huko kabisa

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nasimamia matengenezo kwenye hoteli moja ya ufukweni, pwani ya mashariki ya Unguja. Tuna vigari vinne vya gofu vya umeme, vya volti 48, kila kimoja kina betri sita za volti 8. Gofu hapa hachezi mtu. Vinabeba wageni na mabegi kutoka mapokezi mpaka vyumba vya mwisho kule chini baharini. Kimoja kikilala, mabegi yanahamia mabegani mwa vijana wangu.

Namba tatu ndiyo ilianza kusumbua. Unawasha ufunguo, unakanyaga mafuta (ndiyo, hata cha umeme tunasema mafuta), solenoidi (ile swichi kubwa inayounganisha betri na kontrola) inalia tak, kigari kimeganda palepale. Ukikanyaga mara ya tano au ya sita kinaondoka kama hakikuwa na neno. Tukamwita fundi kutoka Dar, boti juu yetu, kulala juu yetu. Akainua kiti, akachungulia, akasema: "Bosi, kontrola imekufa."

Kontrola ni kile kifaa kinachoipa mota umeme kadiri unavyokanyaga. Hakupima. Mita ilikuwa kwenye begi lake, niliiona kwa macho yangu, hakuitoa! Kwenye kontrola kuna kitaa kinachowaka na kuzima kwa mpangilio, unahesabu mwako kisha unatazama kwenye kitabu ujue kontrola inalalamikia nini. Nilimuuliza kuhusu hicho kitaa. Akanijibu eti kile kinaonyesha tu kwamba umeme umefika. Milioni moja na laki nane zikamtoka mwenye hoteli.

Kigari kikatembea siku tisa, kikarudia mchezo uleule. Nikampigia. Jibu? "Hiyo kontrola ilikuwa na hitilafu ya kiwandani, natuma nyingine, mtanilipa nusu."

Hapo nikasema hapana, sasa naingia mwenyewe. Mimi ni fundi umeme wa majumba, vigari hivi sikuvisomea, lakini umeme ni umeme. Nikainua magurudumu ya nyuma kwa jeki, nikavua saa na pete (betri hizi zikipata pete kidoleni hutaisahau siku hiyo), nikachukua mita yangu ya elfu ishirini na tano.

Betri zote sita pamoja: volti 50.4. Safi. Kijana akakanyaga mafuta, tak, zikabaki 50. Nikapima kwenye kontrola yenyewe, pale waya mnene wa chanya unapoingia na ule wa hasi: karibu na sifuri. Yaani umeme unatoka kwenye betri na haufiki kwenye kontrola. Kati yao kuna nini? Solenoidi. Nikaweka mita kwenye nguzo zake mbili kubwa huku kijana kakanyaga. Solenoidi isiyo mbovu ikishafunga, yaani ikishaunganisha, hapo unatakiwa usome sifuri au karibu yake. Nilisoma 50. Inalia, lakini ndani haishiki. Kontrola ya watu mnaisingizia kifo wakati haijapewa hata umeme!

Nikaifungua. Kontakti, vile vipande vya ndani vinavyogusana kupitisha umeme, nyeusi tii, zimeliwa kama jino bovu. Sababu nayo ilikuwa wazi. Kati ya zile nguzo mbili kuna kirizista kidogo, kazi yake ni kupitisha umeme kidogo kidogo ili kapasita za kontrola (vijidude vinavyotunza chaji) zijae kabla solenoidi haijafunga. Mguu wake mmoja umekatika kwa kutu ya kijani, chumvi ya bahari hiyo. Bila kirizista, kila ukikanyaga kapasita zinavuta umeme wote kwa mkupuo, cheche zinapigwa, kontakti zinaungua. Zile siku tisa naamini zilitokana na yeye kufungua na kugongagonga waya tu, kontakti zikashikashika kidogo.

Solenoidi mpya na kirizista chake: laki moja na themanini. Dakika arobaini, pamoja na kunywa chai. Kigari kinatembea mwezi wa pili sasa.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Mwaka jana fundi huyuhuyu alitutoza elfu hamsini za "kuriseti" namba moja. Nilikuja kuelewa baadaye. Dereva alikanyaga mafuta kabla ya kuwasha ufunguo, na kontrola nyingi zimepangwa zigome ukifanya hivyo, ili kigari kisichomoke na mtu. Dawa yake ni kuachia mafuta, kuzima, kuwasha. Elfu hamsini!

Nimemdai ile kontrola ya kwanza, iliyokuja na kigari, maana nina hakika ilikuwa nzima. Anasema alishaitupa. Nani anatupa kitu cha milioni? Mwenye hoteli nyingine huko aliyefungiwa kontrola "iliyotumika kidogo", acheki.

Ile mpya ya pili aliyoituma iko mezani kwangu, boksi halijafunguliwa, na jamaa anapiga simu kila asubuhi akidai nusu yake. Nimemwambia apande boti aje aichukue, aje na ile ya kwanza, na safari hii mita aitoe kwenye begi.