Tupeane uzoefu: kadi ya grafiki ikikufia Tanga, nani anakusikiliza?

Mhariri wa Chumbageni (mtoa mada)

Habari zenu wakuu. Nahariri video za harusi hapa Chumbageni na mwaka huu nabadilisha GPU, yaani kadi ya grafiki. Kila ninayemuuliza ananipa habari za kasi: fremu ngapi, GB ngapi. Hayo nimeshayasoma. Kinachonisumbua ni kingine. Kadi ikigoma baada ya miezi minane, nani anapokea simu? Duka liko Kariakoo, kampuni iko Taiwan au Hong Kong, na mimi niko huku, bibi harusi anataka video yake.

Mliowahi kudai waranti mkiwa Tanga, Muheza, Pangani mpaka Bagamoyo, naomba mfunguke. Mliofanikiwa na mliokwama. Duka au kampuni iliyokuudhi usiitaje, sema kilichotokea tu.

Fundi Ngamiani

Mkuu, umeuliza swali ambalo wateja wangu huja nalo kadi ikiwa imeshakufa. Nianze na hili: vijana wanabishana NVIDIA na AMD utadhani ni Coastal Union na African Sports. Hao wawili ni wabunifu wa chipu, ule ubongo wa kadi. Bodi, feni na hitisinki (chuma cha kupoza joto), kwa kadi nyingi zinazofika madukani, hutengenezwa na wengine, na waranti inatoka kwa hao wengine. Sapphire na PowerColor ukiwaona ujue ni AMD. Zotac na PNY ni NVIDIA. ASUS na Gigabyte wametengeneza za pande zote mbili.

Kinachofika mezani kwangu mara nyingi siyo chipu iliyokufa. Ni feni imekwama, ni saketi ya umeme imeungua, ni memori iliyopikwa kwa joto muda mrefu. Hayo yanategemea aliyeunda bodi na kipoza joto, na namna ulivyoitunza. Ndani ya chapa moja utakuta toleo la bei ya chini lenye kipande chembamba cha alumini, na toleo zito lenye mabomba ya shaba. Kwa hiyo ukiniuliza "chapa gani imara", nitakuuliza toleo gani.

Wakubwa wenyewe wameshateleza. Oktoba 2022 RTX 4090 zilianza kuripotiwa kuyeyuka plagi ya umeme, ile ndogo ya pini 16, na NVIDIA wakasema chanzo kikubwa ni plagi kutosukumwa hadi mwisho. Januari 2023 AMD nao walikiri kwamba baadhi ya RX 7900 XTX za muundo wao wenyewe zilikuwa na kasoro kwenye kipoza joto, chipu inafika nyuzi 110 na kupunguza kasi. Kilichowaokoa wanunuzi hapo ni kuwa na mtu wa kumrudishia kadi.

Angalia na feni. Zile za bushi, mafuta yake hukauka kwa joto, zinaanza kulia. Za bolibearingi zinadumu zaidi. Sapphire waliwahi kutoa Nitro+ za RX 480 na RX 580 ambazo feni inatoka kwa skrubu moja tu, bila kugusa hitisinki. Kwa sisi tulio mbali, hilo nalipenda kuliko taa za rangi.

Dada wa Bagamoyo

Kaka mtoa mada, mimi narekodi na kuhariri maonyesho ya ngoma huku Bagamoyo. Kadi yangu ya kwanza ililetwa na ndugu yangu kutoka Dubai, bei nzuri kweli. Siku moja niko kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, kioo kikajaa vidoti vya kijani, vimejipanga safu safu kama shanga, halafu mashine ikazima na kuwaka yenyewe. Nikaweka draiva upya, hali ile ile. Fundi akaijaribu kwenye mashine nyingine, vidoti vikafuata kadi.

Nikawaandikia watengenezaji. Walinijibu kwa adabu sana: kadi irudi nchi iliyonunuliwa, ipitie duka lililouza, gharama ya kuituma ni yangu. Ikabidi nisubiri mtu anayesafiri, aibebe, aiache dukani, kisha nitafute mwingine wa kurudi nayo. Nilipewa nyingine, sisemi uongo, lakini miezi yote hiyo nilikuwa nikiazima laptopu ya mwenzangu usiku.

Iliyofuata nimenunua Dar, ghali zaidi, na duka lenyewe ndilo linalotoa mwaka mmoja. Feni moja ilipoanza kugonga nilipanda gari asubuhi, nikaifikisha mkononi mwao, jioni niko nyumbani. Bagamoyo na Dar ni kama kilomita 70. Nyie wa Tanga mna zaidi ya 300, kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji kabla hujalipa ni kama anapokea kadi iliyotumwa kwa basi, au lazima uende mwenyewe.

Gemu Makorora

Mimi nina kibanda cha gemu, mashine kadhaa. Nilichukua RX 580 za mtumba, kadi za AMD. Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, ilipoacha kuchimbwa kwa GPU Septemba 2022, kadi za wachimbaji zilimwagika sokoni, bei ikashuka. Siwalaumu wanaozinunua, mimi mwenyewe bado zinanilisha.

Ila moja niliyoletewa, kwenye boksi imeandikwa RX 580 8GB, nilipofungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, nikakuta pale kwenye Shaders (idadi ya viini vya chipu) 2048. RX 580 kamili ina 2304. Ile ya 2048 ipo kweli, ilitolewa kwa soko la China mwaka 2018, na uwezo wake ni wa RX 570. Muuzaji akasema "si zote ni 580?" Nikamwonyesha kwenye simu, akanirudishia tofauti ya bei. Kwa hiyo jaribu kadi mbele ya muuzaji. Mwambie awashe GPU-Z, usome Shaders, usome na Subvendor, hapo ndipo jina la aliyetengeneza bodi linatokea. Kadi za NVIDIA zilizochezewa BIOS, yaani programu iliyo ndani ya kadi, zijifanye kadi kubwa zaidi, matoleo ya GPU-Z tangu 2018 yanaziandikia kabisa FAKE.

Waranti ya mtumba ni ya mdomo, wiki moja ukibahatika.

Mwalimu mstaafu, Pangani

Wanangu, mimi natumia GTX 1050 Ti, kadi ya NVIDIA. Haina waya wa umeme wa ziada, inachukua wati 75 kutoka kwenye bodi kuu ya kompyuta basi. Haipati moto, haipigi kelele, inanifanyia kazi zangu za picha. Wakati mwingine kadi isiyosumbua ni ile isiyokula umeme mwingi.

Gemu Makorora

Shikamoo mzee wangu. Hiyo kweli ni ngumu kufa.

Raskazone Pwani

Jamani tusisahau chumvi. Nyumba yangu iko karibu na bahari, madirisha wazi mwaka mzima. Kadi ilizima ikiwa ndani ya waranti, nikaituma. Jibu likaja na picha: lile bati la nyuma la kufungia skrubu lina kutu, na kuzunguka miguu ya vipande vya umeme kuna unga wa kijani na mweupe. Wakaandika uharibifu wa mazingira, waranti haihusiki. Niliumia, kwa sababu kutu haikuizima, feni ndiyo ilikwama. Ila masharti yao yanawaruhusu.

Siku hizi mashine haikai dirishani, na siiachi imezimwa wiki nzima, maana ikikaa baridi ndiyo inanyonya unyevu. Kila baada ya miezi michache naitoa, napiga brashi laini. Na picha ya kadi mpya, mbele na nyuma, stika ya siriali ikionekana, naipiga siku ile ile ninayofungua boksi.

Fundi Ngamiani

Raskazone, hapo umenena. Na stika ya waranti juu ya skrubu msiiguse kabla muda haujaisha, hata kama mnataka kubadili pesti ya kupitisha joto kati ya chipu na hitisinki. Wengine wanakataa kadi kwa stika kuchanika tu.

Mpakiaji, Kange

Nafanya kazi ya vifurushi stendi. Msitume mashine nzima kadi ikiwa imo ndani! Kadi nzito ikiruka kwenye matuta inavunja sloti, pale inapochomekwa kwenye bodi kuu. Itoeni, iwekeni kwenye mfuko wake wa kijivu na boksi lake.

Msoma Sheria

Dai risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, siyo karatasi ya mkono. Na siriali namba iandikwe humo au kwenye fomu ya waranti. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko, lakini ukifika huna risiti utasemaje?

Wa Muheza

Wapo wanaozisifia kadi za EVGA, kampuni ya Marekani, na ni kweli waranti yao ilikuwa na sifa kubwa. Ila Septemba 2022 walitangaza kuacha kutengeneza kadi za grafiki. Walisema walioshika waranti wataendelea kuhudumiwa, lakini mpya hakuna. Ukiona inauzwa dukani leo uliza imekaa stoo tangu lini.

Mhariri wa Chumbageni (mtoa mada)

Nawashukuru sana. Dada wa Bagamoyo, swali lako la basi nimewapigia nalo maduka mawili leo. La kwanza bei yao ni ya chini, wanasema niende mwenyewe. La pili wanapokea kifurushi na wanatuma mbadala wakishaijaribu, nauli ya kwenda juu yangu, ya kurudi juu yao. Nimewaomba waniandikie hivyo WhatsApp, wakaandika. Wanayo ya ASUS na ya Gigabyte, zote RTX 3060 ya GB 12, feni mbili. Fundi, kesho napita kwako na picha za vipoza joto vyake unichagulie.