MJADALA: Hifadhidata za hospitali na halmashauri zibaki kwenye seva zetu au zote ziende kwenye wingu?

Kibarua_wa_Seva

Wakuu, habari za majukumu. Kila msimu wa bajeti hoja hii inarudi: zimeni seva ya chumba cha nyuma, hamishieni mfumo wote kwenye wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, tulipe kila mwezi tulale. Naweka msimamo wangu mapema ili mnaotaka kunirarua mjue pa kuanzia. Taasisi ya umma inayohudumia watu kila siku, tuseme hospitali ya wilaya, ibaki na hifadhidata yake ndani ya jengo, na iwe na mtu ambaye kazi yake ni hiyo.

Seva zetu zinaanguka kwa sababu hazina mwenyewe. Afisa TEHAMA ndiye anayebadilisha wino wa printa, ndiye anayefunga projekta siku ya kikao cha wadau, ndiye anayepigiwa simu dirisha la malipo likigoma. Hifadhidata anakutana nayo siku imekufa.

Nazungumzia PostgreSQL, programu ya hifadhidata, maana ndiyo inayonilisha. Ukiisimika na kuiacha ilivyo, inajitengea MB 128 tu za memori ya pamoja hata kama mashine ina GB 64. Watumiaji wanalalamika mfumo mzito, mkuu wa kitengo anaandika barua ya kuomba seva mpya. Jambo la mstari mmoja kwenye faili lake la mipangilio, postgresql.conf (robo ya memori ni pazuri pa kuanzia) na kuiwasha upya linageuka zabuni.

Halafu kuna usafi. Mistari iliyofutwa au kubadilishwa haiondoki papo hapo, inamsubiri mfagiaji wa ndani, autovacuum. Huyu kwa mipangilio ya kawaida hainuki mpaka kama asilimia 20 ya jedwali iwe takataka. Kwenye jedwali la malipo lenye mistari milioni 100, hiyo ni mistari mfu milioni 20 kabla hajashika fagio. Nani amewahi kushusha kiwango hicho kwa jedwali kubwa peke yake? Hakuna, kwa sababu hakuna aliyeajiriwa kuliangalia. Na mwenye wingu hajui jedwali lako linaloumiza ni lipi.

Mawingu255

Mkuu, umeanza na mfano unaokuangusha mwenyewe. Kwenye huduma za hifadhidata za wingu memori hupangwa kufuata ukubwa wa mashine uliyokodi, siku ya kwanza, bila barua wala zabuni. Bakapu, yaani nakala za akiba, zinajichukua. Unaweza kuirudisha hifadhidata hadi dakika unayoitaka ndani ya siku ulizochagua. Amazon wanaruhusu mpaka siku 35. Viraka vya usalama vinaingia usiku bila mtu kukesha.

Huyo mtu wako mmoja akienda likizo ya uzazi je? Akipata kazi benki? Anayeijua PostgreSQL barabara hakai wilayani kwa mshahara wa wilayani, tuambiane ukweli. Kuna taasisi niliitwa kusaidia: mhusika ameshahama, nenosiri la mtumiaji mkuu ameondoka nalo kichwani, na mfumo wenyewe ulikuwa unaingia kwa akaunti hiyohiyo ya `postgres`, yenye uwezo wa kufuta kila kitu. Toleo lilikuwa 9.6, ambalo marekebisho yake yaliisha Novemba 2021. Hizo ndizo "seva zetu" mnazozililia.

Pwagu_Mtupu

Na jenereta halina dizeli. Hilo mmelisahau.

Bint_Mvita

Sawa bwana Mawingu, lakini hilo wingu liko wapi? Kwa wengi wetu la karibu ni Cape Town au Johannesburg. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu huko kusini, intaneti ikazorota kuanzia Tanzania hadi kwetu Kenya. Hospitali ambayo hifadhidata yake iko Cape Town, siku ile ingeandika wagonjwa kwenye madaftari huku umeme upo na kompyuta zinawaka. Mama mjamzito yuko mapokezi, faili lake liko ng'ambo ya waya uliokatika.

Na sheria mmeiruka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na za afya ndizo nyeti zaidi.

Mawingu255

Dada, wingu si lazima liwe Cape Town. Kituo cha Taifa cha data kipo Kijitonyama, Dar es Salaam, na Nairobi kuna vituo vya kutosha. Ninachopinga ni kila wilaya kuwa na kichumba chake chenye kiyoyozi kibovu.

Mkaguzi_Mstaafu

Vijana, nimesoma yote. "Ndani", "nje", "ndani", "nje", na hakuna hata mmoja aliyetaja mara ya mwisho bakapu yake ilirudishwa lini ikafunguka.

Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambao ni mafundi wa kulipwa vizuri, walikuwa wanapambana na replika ya PostgreSQL (nakala hai kwenye seva ya pili) iliyogoma. Mhandisi aliyechoka usiku akafuta folda ya data akidhani yuko kwenye seva ya pili. Alikuwa kwenye seva kuu. Kwenye GB 300 hivi zikabaki kama 4.5. Wakakimbilia bakapu. Zile za `pg_dump` za kila siku hazikuwepo: programu ya kuchukulia bakapu ilikuwa ya toleo 9.2, seva ilikuwa 9.6, kwa hiyo ilikuwa inagoma. Barua pepe za kutangaza kwamba imegoma zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua, hakuna aliyeziona. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mmoja wao aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Huduma ikarudi baada ya saa kama 18, na data ya saa hizo sita ikapotea.

Hao walikuwa na watu, Kibarua. Watu wazuri.

Na wewe Mawingu, Mei 2024 mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulitoweka kwenye Google Cloud kwa sababu sehemu moja ya mpangilio iliachwa tupu ndani ya Google wenyewe, mfumo ukahesabu mkataba umeisha, ukafuta. Ilichukua zaidi ya wiki kurudi sawasawa. Walikuwa na nakala nyingine kwa mtoa huduma tofauti, nayo ikasaidia sana kuwarudisha. Halafu Septemba 2025 kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini, kiliungua. Hifadhi ya faili za watumishi wa umma, terabaiti 858, ikateketea bila nakala. Walisema ilikuwa kubwa mno kuchukuliwa bakapu. Nchi tajiri ile, kituo kimoja cha kitaifa. Kijitonyama yako ifikirie hivyo.

Nilipokuwa kazini nilikuwa siulizi seva iko wapi. Nilikuwa nasema: nipe mashine tupu, irudishe bakapu ya jana mbele yangu, unionyeshe risiti ya mwisho. Wengi waliniletea chai.

Dogo_TEHAMA

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye huyo wa wino wa printa. Nina swali la leo leo. Diski imefika asilimia 91, na folda ya `pg_wal` ndiyo iliyovimba. Jamaa kanishauri nifute faili za zamani humo. Bosi anasema hii ndiyo sababu ya kuhamia kwenye wingu. Nifanyeje?

Kibarua_wa_Seva

Marahaba. USIFUTE FAILI HATA MOJA HUMO. Hizo ndizo daftari la kila badiliko. Ukitoa inayohitajika, seva ikizima huenda isiwake tena.

Tafuta nani anazizuia zisiondoke. Endesha hii:

`SELECT slot_name, active, restart_lsn FROM pg_replication_slots;`

Itakuonyesha nafasi zilizotengewa replika. Ukiona iliyo na `active` = f (haiko hai), maana yake kuna replika iliyowahi kuunganishwa na haipo tena, lakini seva kuu bado inaitunzia kila kitu ikiisubiri. Hakikisha kwanza hakuna anayeihitaji, kisha iondoe kwa `pg_drop_replication_slot`. Kama zote ziko hai, angalia `pg_stat_archiver`: `failed_count` ikipanda, faili hazifiki mahali zinapohifadhiwa, labda diski ya huko nayo imejaa au ruhusa zimebadilika. Usihangaike na kingine kabla ya hayo mawili.

Baadaye weka `max_slot_wal_keep_size`, ipo tangu toleo 13, ili replika iliyokufa isiweze kukumalizia diski. Na tahadhari ya diski ianze kupiga asilimia 70, ije kwenye simu yako. Barua pepe umeshasikia zilivyowafanya GitLab.

Bint_Mvita

Ukimaliza, tazama pia `pg_stat_activity`, walioandikwa `idle in transaction`. Mtu amefungua muamala asubuhi, ameenda zake, na mfagiaji wa Kibarua hawezi kuondoa takataka zilizozaliwa baada yake. Weka `idle_in_transaction_session_timeout`. Mifumo mingi ya kununua ina ugonjwa huu, na mwenye mfumo atakuambia ni seva yako.

Dogo_TEHAMA

Imepatikana! Kulikuwa na moja inaitwa `test_replica`, f. Mkandarasi aliyetufungia mfumo aliiweka ya majaribio akaondoka. Nimepiga simu kuhakikisha, nimeiondoa, na baada ya muda diski imeshuka hadi 48. Asanteni sana.

Mawingu255

Hongera dogo. Lakini mnaona? Asingeuliza hapa, kesho asubuhi hospitali ingesimama.

Bint_Mvita

Na kwenye wingu replika hiyohiyo ikisahaulika, nafasi inajaa vilevile. Ukiwa umeruhusu diski ijiongeze yenyewe, hutajua mpaka ankara ije.

Mama_Hazina

Mmenifikisha kwenye ankara. Mimi ni mhasibu, ya `pg_wal` siyajui. Ninachojua ni kwamba bajeti yetu inapitishwa kwa shilingi, inaanza Julai, na fedha huja zinapokuja. Ankara ya wingu la nje ni ya dola na haisubiri. Siku tumechelewa, nani anazima mfumo wa wagonjwa? Kwa upande mwingine, Kibarua, nafasi ya ajira mpya si ya kuombwa leo ikaja kesho. Kibali cha kuajiri kina njia yake ndefu.

Kibarua_wa_Seva

Mama, hapo umenibana. Basi nirekebishe: mtu mmoja au wawili ngazi ya mkoa, wanaohudumia hospitali zote za mkoa huo, seva zibaki palipo na wagonjwa, na nakala ya kila usiku iende Kijitonyama ikiwa imefichwa kwa msimbo. Dogo na wenzake wawe macho yao huko wilayani.

Mawingu255

Yaani umekubali nusu ya wingu.

Kibarua_wa_Seva

Nimekubali bakapu ikae mbali. Hifadhidata haijatoka kwenye jengo.

Mkaguzi_Mstaafu

Na hao wawili wa mkoa, waandikiwe kwenye majukumu yao ya kazi: kila robo mwaka wanarudisha bakapu ya hospitali moja isiyotangazwa, kwenye mashine tupu, mganga mkuu akiwepo. Isipofunguka, taarifa inakwenda kwa katibu tawala wa mkoa siku hiyohiyo. Dogo, wewe usisubiri mkoa. Jumamosi hii una mashine yoyote ya ziada?

Dogo_TEHAMA

Ipo ya zamani, GB 8. Naleta matokeo hapahapa.