Niko uhandisi wa umeme, nimechukua fiziolojia ya mwili: nianzie wapi?

Chuma_wa_Tudor
Assalaam aleikum wanajamvi. Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme, hapa hapa Mombasa. Muhula huu nimechukua fiziolojia ya mwili kwa sababu nataka kuelekea kwenye vifaa vya hospitali. Hesabu hazinisumbui. Kinachonilemea ni majina: kila ukurasa una maneno mapya, nikifika mwisho ya mwanzo yameshanitoka. Nina wiki 14. Nianze na kiungo gani, na hesabu zangu zitanifaa au niziweke kando?

Mkaa_Nyali
Waaleikum salaam mdogo wangu. Anza na mzunguko wa damu. Presha ichukue kama volti, mtiririko wa damu kama mkondo, mishipa kama ukinzani. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama mililita 70 kwa pigo, mapigo kama 72 kwa dakika, yaani lita 5 kwa dakika. Presha ya wastani kwenye ateri ni kama 93 mmHg (milimita za zebaki, kipimo cha presha), na damu ikirudi moyoni iko karibu na sifuri. Gawanya, utapata ukinzani wa mwili mzima. Fanya hesabu hiyo kwa mkono kabla ya kuendelea kusoma.

Kisha jiulize ukinzani huo umekaa wapi. Si kwenye mishipa mikubwa. Uko kwenye arterioli, vijishipa vyenye misuli kutani kabla ya kapilari, mishipa myembamba kuliko yote. Mtiririko hufuata nusu kipenyo kwa kipeo cha nne, kwa hiyo arterioli ikibana kwa asilimia 20 tu, kinachobaki ni 0.8 kwa kipeo cha nne: asilimia 41. Ukishaliona hilo, jina "arterioli" halitakutoka tena, maana unajua ndiyo koki ya mwili.

Hatua ya tatu ni ateri kuu. Hiyo hutanuka moyo unaposukuma na kurudi moyo unapopumzika, kama tangi la juu ya nyumba linaloendelea kutoa maji pampu ikiwa imezimwa. Kwako wewe ni kapasita. Kutanuka kwake weka 1.5 ml kwa kila mmHg, zidisha kwa ukinzani, upate muda wa kushuka kwa presha. Vali, ule mlango kati ya moyo na ateri kuu, ikifunga presha ikiwa 110, na moyo ukipumzika nusu sekunde, itafika ngapi? Lete jibu hapa.

Bi_Kisima
Mwanangu, mimi ningekuanzisha kwenye utando wa seli. Moyo, neva, misuli na figo vyote vinaendeshwa na ioni, chembe zenye chaji, zinazopita kwenye utando, na asiyeujua husoma kitu kile kile mara nne kwa majina manne.

Hesabu ya kwanza ni volti ya utando ambapo ioni moja haisukumwi tena ndani wala nje: 61 mara logi ya kumi ya (nje gawanya kwa ndani), jibu ni milivolti. Potasiamu ni milimoli 4 kwa lita nje ya seli na 140 ndani, unapata kama −94. Sodiamu ni 142 nje na 14 ndani, unapata +61. Neva iliyotulia inakaa karibu na −70, kwa kuwa utando wake huvujisha potasiamu kwa wingi na sodiamu kidogo tu. Jibu lipo katikati, limevutwa upande wa potasiamu.

Makosa ni matatu, na yanajirudia. Kugeuza nje na ndani. Kutumia 61 pamoja na logi asilia, ilhali hiyo inataka 26.7. Na kusahau kwamba kloridi ina chaji hasi, hivyo alama inageuka.

Halafu, pampu inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 siyo inayorusha mshtuko wa neva. Yenyewe inatunza akiba tu. Mshtuko unatokana na milango ya ioni kufunguka, na wanasayansi Hodgkin na Huxley waliiandikia milinganyo mwaka 1952, wakitumia neva ya ngisi kwa kuwa ni nene kiasi cha kuingiza waya ndani. Ukitaka kuiendesha kwa kompyuta, tumia hatua ya milisekunde 0.01. Ukiirefusha sana hesabu inalipuka, na utadhani umekosea mlinganyo.

Chuma_wa_Tudor
Shukran sana nyote wawili. Kaka Mkaa, nimegawanya 93 kwa 5 nikapata 18.6. Nikazidisha kwa 1.5, nikapata karibu 28. Kwa hiyo presha karibu haishuki, inabaki 108. Lakini kitabu kinasema hushuka hadi 80.

Fundi_Mizani
Vitengo hivyo ndugu. 18.6 yako ni kwa lita na dakika, na 1.5 ni kwa mililita. Lita 5 kwa dakika ni mililita 83 kwa sekunde. 93 gawanya kwa 83 ni 1.1. Mara 1.5 ni sekunde 1.7. Baada ya nusu sekunde 110 inashuka hadi 82 hivi. Sasa punguza 1.5 iwe 0.75, kama ateri za mzee zilizokakamaa, uone presha inavyoporomoka kati ya pigo na pigo. Hapo umeelewa kwa nini wazee wengi huwa na namba ya juu kubwa ilhali ya chini si kubwa.

Lakini nakuomba usiubebe mfano huu mpaka mwisho. Kanuni ya kipeo cha nne inataka mtiririko tulivu usiobadilika, na kwenye ateri kuu damu huenda kwa vishindo. Moyo nao haufanani na pampu ya kisima. Ukijazwa zaidi, unasukuma zaidi kwenye pigo linalofuata, bila amri kutoka popote. Na ukinzani si namba iliyoandikwa kwenye kifaa. Ukisimama ghafla, vihisio vya presha shingoni vinaarifu ubongo, na ndani ya sekunde chache arterioli zimebana na moyo umeongeza kasi. Figo nazo zinarekebisha presha ile ile kwa saa na siku, kwa kubakiza maji na chumvi au kuyatoa. Kwa kila kiungo andika ukurasa mmoja: nini kinalindwa, nani anahisi, habari inapita wapi, nani anatenda, na kwa muda gani. Huo muda ndio wanafunzi wa uhandisi huuacha.

Na kwenye mtihani, swali likisema "eleza", mlinganyo peke yake haukupi alama. Andika mfuatano kwa maneno: presha imeshuka, kihisio kimepunguza ishara, na kuendelea.

Mkaa_Nyali
Ahsante Fundi, umenitangulia. Mdogo wangu, nenda Marikiti ukanunue moyo wa mbuzi. Wa ng'ombe mara nyingi umeshachanjwa na mkaguzi wa nyama. Mwambie muuzaji asikate mishipa ya juu, maana wengi huikata wakakuachia nyama tupu. Mimina maji kwenye ateri kuu kutoka juu: vali inafunga na maji yanasimama. Yakishuka taratibu usiseme vali imeharibika, tazama matundu mawili juu tu ya vali. Ndiyo mianzo ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Kisha pasua upime kuta mbili. Ya kushoto ni nene mno kuliko ya kulia, kwa sababu inasukuma dhidi ya presha kubwa zaidi.

Chuma_wa_Tudor
Nimeelewa, vitengo kwanza. Bi Kisima, nisome nini kwenye mapafu?

Bi_Kisima
Hesabu moja inatosha kuanzia. Pumzi ya mililita 500 mara 12 kwa dakika ni lita 6. Pumzi ya 250 mara 24 pia ni lita 6. Lakini kila pumzi, mililita 150 huishia kwenye njia ya hewa bila kufika penye kazi. Wa kwanza anafikisha lita 4.2, wa pili 2.4.

Ukimaliza, fanya joto, maana Mombasa maabara yake iko nje ya mlango. Mtu aliyetulia huzalisha karibu wati 100. Gramu moja ya jasho likikauka huondoa kama kilojuli 2.4, kwa hiyo gramu 150 kwa saa zingetosha kuondoa zote. Zingatia neno "likikauka". Mwezi wa tatu hewa imejaa unyevu, jasho linadondoka chini, na tone linalodondoka halijaondoa karibu chochote.