Ushauri: natafiti watu wanavyoshuka ngazi za ofisi wakati wa dharura, nimekwama kwenye vipimo (Mwanza)

Kokoto wa Mabatini (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Nasoma shahada ya uzamili huku nikifanya kazi hapa Mwanza mjini. Andiko langu linahusu namna wafanyakazi wanavyoshuka ngazi pale jengo la ofisi linapotakiwa kuachwa wazi haraka. Jengo lenyewe lina ghorofa nane na ofisi za kila aina: mawakili, bima, kliniki ya meno, wasafirishaji wa minofu ya samaki. Ngazi ziko mbili. Moja iko mbele karibu na lifti, nyingine iko nyuma na wengi hawajawahi kuikanyaga tangu waajiriwe.

Mwezi uliopita uongozi ulifanya zoezi la moto. Nikasimama mlangoni chini na simu yangu. King'ora kilipolia nikabonyeza, mtu wa mwisho alipotoka nikabonyeza tena: dakika kumi na nne na ushee. Nikachukua urefu wa jengo nikaugawa kwa huo muda, nikapata mwendo ambao hata kobe angeuonea aibu. Msimamizi wangu akanirudishia karatasi ina maneno matatu tu kwa wino mwekundu: "Umepima nini hapa?"

Nina wiki mbili naliangalia hilo swali. Zoezi lijalo liko karibu. Nipime nini hasa? Na je, nishawishi uongozi wapige king'ora bila kumwambia mtu, ili nione hali halisi?

Dagaa Mkavu

Mkuu njoo Igogo jioni mvua ikiwa imekatika. Utaona watu wanashuka mawe na ndoo kichwani, mtoto mgongoni, simu kabana kwa bega, na hakuna anayemsukuma mwenzake. Utafiti umeisha, nitumie hela ya soda.

Mzee Nondo

Dagaa anatania, lakini kuna kitu kakisema. Nitamrudia.

Kijana, msimamizi wako yuko sahihi. Kwenye hizo dakika 14 umepika vitu vitatu sufuria moja: muda wa mtu kuamua kunyanyuka, muda wa kutoka mezani hadi mlango wa ngazi, na muda wa ngazi yenyewe. Ukisimama mlangoni chini unaona sufuria tu, huoni kilichomo. Ingia ndani ya ngazi.

La pili, umetumia urefu wa jengo kwenda juu. Mtu hashuki kama ndoo kisimani. Mwendo wa ngazini hupimwa kwa mshazari, ule mstari unaopita kwenye ncha za vipandio. Chukua futi ya chuma upime. Kipandio chenye kimo cha sm 18 na kina cha sm 28 kina mshazari wa sm 33 hivi. Vipandio 18 ni karibu mita 6, wakati kwenda juu ni mita 3 na kidogo tu. Na hapo hujaweka hatua za pale ngazi inapogeukia. Umejipunja karibu nusu kabla hata hujaanza kuwalaumu watu wako.

La tatu, upana. Mkanada mmoja, Jake Pauls, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 alifuatilia mazoezi ya namna hii kwenye majengo ya ofisi kule Ottawa. Akaona watu hawautumii upana wote wa ngazi. Mtu anaposhuka mwili unayumba kushoto na kulia, kwa hiyo anauacha ukuta ili asijikwaruze bega. Ndiyo ikaja hesabu ya upana unaotumika kweli: toa sm 15 kila upande wenye ukuta. Ngazi ya mita 1.2 inabaki na sm 90. Kwa hesabu za wahandisi wa moto, ngazi ya kawaida ikijaa kwa kiasi kinachofaa hupitisha kama mtu mmoja kwa sekunde kwa kila mita ya upana huo. Watu 300 hapo ni dakika tano na nusu, tena mambo yakienda kama maji. Wakibanana zaidi, idadi inayopita inapungua badala ya kuongezeka. Kwa hesabu hizohizo, wakikaribia wanne kwenye mita moja ya mraba, foleni imesimama.

Kwa hiyo kila ukipima mwendo, andika na idadi ya watu waliokuwa kwenye kipande hicho cha ngazi wakati huo. Mwendo bila msongamano ni sawa na kutaja bei ya sangara bila kusema ni kilo ngapi.

Sasa Dagaa. Watu wa Igogo wanaijua njia yao, kila jiwe. Watu wa jengo lako hawaijui ngazi ya nyuma, na binadamu akishtuka hurudi kwenye mlango alioingilia asubuhi. Hesabu wangapi wametumia ngazi ipi. Ningekuwa wewe, hapo ndipo ningeanzia andiko.

Kokoto wa Mabatini

Mzee Nondo, wabeja sana. Hilo la mshazari limenitoa jasho, maana msimamizi angeniuliza mbele ya watu.

Mama Kulwa na Doto

Nikuambie ya kwetu, mwanangu, ila ofisi siitaji. Nilikuwa ghorofa ya sita, mimba ya pacha miezi saba. King'ora kinalia, mhasibu anafunga droo, anatafuta funguo, anarudi kuzima kompyuta. Bosi yuko kwenye simu anatuonyesha kidole tusubiri. Hakuna aliyetoka mpaka bosi alipotoka. Dakika nzima zimeenda na hakuna aliyegusa ngazi.

Tukaingia. Nashikilia chuma cha kushikia, natua mguu mmoja, nauunga wa pili, ndipo nashuka kipandio kingine. Nyuma yangu vijana wamejaa. Hakuna aliyenisukuma, ila hakuna aliyeweza kunipita pia, kwa hiyo ngazi nzima ikaenda kwa mwendo wangu. Tulipofika kona ya ghorofa ya nne wakatoka wa humo, wakakuta mzee mmoja wa upande wetu. "Shikamoo mzee, tangulia." "Hapana, piteni nyie." Heshima nzuri, lakini wa juu walisimama kama wanasubiri mwendokasi.

Hizo kona ndiyo uziangalie. Nani anampisha nani.

Mzee Nondo

Mama umenena. Hizo kona zimewashughulisha watafiti miaka mingi, na jibu hubadilika kati ya jengo na jengo. Na huo mwendo wako si aibu. Jengo la World Trade Center, New York, tarehe 11 Septemba 2001: kila mnara ulikuwa na ngazi tatu, mbili za mita 1.12 na moja ya mita 1.42. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikadiria mnara wa kaskazini watu walishuka kwa wastani wa kama mita 0.2 kwa sekunde, pungufu kabisa ya namba za mazoezini. Majeruhi, wenye ulemavu, na zimamoto wanapanda na mizigo wakati wengine wanashuka. Kijana, ukiwaondoa watu wa aina ya Mama Kulwa kwenye takwimu zako eti wanaharibu wastani, umetafiti jengo la vijana wa mpira.

Bomba la 114

Nipo kwenye kazi hizi za uokoaji. King'ora cha kushtukiza: acha. Mtu akianguka ngazini kwenye utafiti wako, utamjibu nini mke wake? Watangazie kwamba wiki fulani kutakuwa na zoezi, usitaje saa. Kituo cha zimamoto nacho kiambiwe mapema, maana kuna raia mwema atapiga 114 na gari litatoka kweli.

Na kabla hujapima mtu yeyote, kapime milango. Nenda ghorofa kwa ghorofa, sukuma mlango wa ngazi ya nyuma. Nimekuta kufuli mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, ukiuliza unaambiwa ni kwa sababu ya wezi. Kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, kilipoungua mwaka 1911, watu 146 walikufa na mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Miaka mia na kitu, sababu ileile.

Binti Malimbe

Kaka, kamera usizifunge kienyeji. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na chuo chako kitataka kibali cha maadili. Elekeza kamera juu, ione vichwa na mabega, sura zisitambulike. Video unaweza kuirudisha ukahesabu tena, saa ya simu hairudi nyuma.

Dagaa Mkavu

Umeme ukikatika lifti ikagoma saa saba mchana, si ndiyo zoezi la bure hilo?

Mzee Nondo

Kwa kuzoea kamera zako, sawa. Ila anayekwenda kula wali samaki hashuki kama anayekimbia moshi. Usichanganye hizo data.

Kokoto wa Mabatini

Mrejesho, wakuu. Nimezunguka milango yote leo. Ghorofa ya pili na ya saba kuna kufuli, ya tano mlango unafunguka nusu kwa sababu ya maboksi ya karatasi. Meneja wa jengo ameahidi kuondoa kabla ya zoezi, nimemwomba aandike. Upana wa ngazi ya mbele ni mita 1.18, ya nyuma mita 0.96. Kamera tatu za juu zitakaa kwenye kona za ghorofa ya pili, ya nne na ya sita, kibali nimeshaomba. Kila ofisi imenipa orodha ya watu wake, jumla 212.

Mama Kulwa na Doto

Hongera mwanangu. Kwenye hiyo 212, wagonjwa wa kliniki ya meno wamo? Na mama anayeleta chai na maandazi saa nne?

Kokoto wa Mabatini

Hawamo. Mama wa chai anapandia ngazi ya nyuma, nimemwona kwa macho yangu, na sikumwandika. Kesho saa nne nipo hapo mlangoni namsubiri.