Mrejesho: Mgonjwa mmoja, faili mbili

Wakuu, niliuliza kwa nini mgonjwa mmoja anasajiliwa mara mbili tunapojaribu mfumo mpya wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa kabla ya kuuwasha hospitali nzima. Mliosema tuanzie mapokezi mlipatia. Karani alitafuta kwa jina tu, hivyo "Mohamed Saidi" na "Said Muhamedi" wakawa watu wawili, na wasiojua tarehe ya kuzaliwa wote wakaandikwa 1 Januari. Sasa karani anatafuta kwanza kwa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), kisha simu pamoja na jina. Simu peke yake haitoshi, familia nzima hutumia moja.

Kuunganisha faili mbili za mgonjwa mmoja kumebaki kwa kitengo cha kumbukumbu pekee. Mkiunganisha vibaya, mzio wa penisilini unaangukia kwa mtu mwingine.

Maabara bado kuna tatizo: lebo ikizungushwa kwenye tyubu badala ya kubandikwa kwa urefu, skana haisomi bakodi.