Sharti la nyumba nafuu kwenye majengo mapya: mnatuandikia sheria yenye matundu halafu mnataka tuipigie makofi?

Wakuu,

Nimetoka kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu lile pendekezo la kulazimisha majengo mapya makubwa ya makazi yatenge sehemu ya nyumba kwa watu wa kipato cha chini. Naandika nikiwa bado nina hasira na sioni sababu ya kuipoza. Wawakilishi wa waendelezaji, yaani kampuni zinazojenga majengo ya kuuza na kupangisha, walipewa skrini, vipaza sauti na muda wa kutosha kueleza kila jedwali lao. Wapangaji tukapewa dakika mbili mbili, na mama mmoja alizimiwa kipaza sauti katikati ya sentensi akiwa anaeleza namna anavyohama kila mwaka na watoto wake.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Sharti lenyewe naliunga mkono kwa asilimia mia. Jiji likibadilisha matumizi ya ardhi na kuruhusu ghorofa ishirini pale palipokuwa na mbili, mwenye kiwanja anatajirika siku hiyohiyo, kabla hajachimba hata msingi. Utajiri huo hakuutolea jasho. Umetokana na kura ya madiwani, na barabara, maji, shule na usafiri ambavyo tumevilipia wote. Kudai sehemu ya utajiri huo irudi kama nyumba za watu wa kawaida si kumwonea mtu.

Kinachoniudhi ni rasimu. Sharti limeandikwa vizuri kabisa ukurasa wa mwanzo, kisha kurasa zinazofuata zote ni namna ya kulikwepa. Jengo likiwa na nyumba pungufu ya idadi fulani, halihusiki. Mwendelezaji akilipa fedha kwenye mfuko wa nyumba za nafuu badala ya kujenga, anaachiwa. Akileta hesabu zinazoonyesha faida yake itashuka, anapunguziwa. Miaka ikipita, nyumba zinarudi sokoni. Na kila moja ya njia hizo imeshatumika miji mingine, matokeo yanajulikana, na hao wataalamu walioandika rasimu wanayajua vizuri kuliko mimi.

Nianze na kipimo, maana hapo ndipo penye uongo mkubwa kuliko wote. Nyumba ni nafuu kwa nani? Rasimu inasema kwa kaya zenye asilimia kadhaa ya "kipato cha kati cha eneo". Yaani unapanga kaya zote kuanzia ya chini hadi ya juu, unachukua ya katikati, basi hiyo ndiyo fimbo ya kupimia. Swali ni eneo lipi. Ukichanganya mitaa ya wapangaji na vitongoji vya matajiri, kaya ya katikati inapanda juu kabisa, na mtu wa mshahara mdogo anabaki chini haonekani. New York walipopitisha sharti lao mwaka 2016, sheria iliacha chaguo ambalo nyumba za sharti zingeweza kulenga kaya zenye wastani wa asilimia 115 ya kipato cha kati. Asilimia 115! Yaani mtu anayepata zaidi ya kaya ya katikati naye anahesabiwa kuwa ni wa kusaidiwa. Na kipimo chenyewe kinajumuisha kaunti zilizo nje ya jiji ambako watu wana uwezo zaidi. Uingereza nao mwaka 2011 walianzisha aina ya nyumba za "kodi nafuu" ambazo kodi yake inaweza kufika asilimia 80 ya kodi ya soko. Soko likipanda, nayo inapanda. Mfanyakazi ambaye soko lilishamshinda, punguzo hilo linamfaa nini?

Nina jirani anayefanya usafi hospitalini, zamu ya usiku. Jengo jipya lilipotangaza nyumba za nafuu alijaza fomu, akaambatanisha hati za mshahara, akapanga foleni, akarudishwa aende akaongeze mhuri, akarudi. Majibu yalipokuja yalikuwa mstari mmoja: kipato cha mwombaji hakifikii kiwango cha chini kinachohitajika. Ameonekana maskini mno kwa nyumba ya maskini. Alinionyesha ile karatasi bila kusema neno, na mimi pia sikuwa na la kumwambia. Nyumba zile leo wanaishi vijana wa maofisini. Siwalaumu, nao wanahitaji pa kuishi, lakini ziliruhusiwa kujengwa kwa jina la watu kama huyu mama.

Sasa njoo kwenye hesabu za siri. Rasimu inasema mwendelezaji anaweza kuomba kupunguziwa akithibitisha kwamba mradi "hautalipa", na uthibitisho huo utabaki siri kwa kulinda biashara yake. Hapa nawaomba wote mkatafute habari za Heygate, kusini mwa London. Palikuwa na zaidi ya nyumba elfu moja, karibu zote za halmashauri, watu wakahamishwa, zikabomolewa. Mpango ulioidhinishwa mwaka 2013 ulikuwa wa nyumba zaidi ya elfu mbili, na ndani yake nyumba za kodi ya kijamii, yaani ile kodi ya chini ya nyumba za umma, hazikufika hata mia moja. Utetezi ulikuwa huohuo: hesabu hazikubali. Mkazi alipoomba kuziona hizo hesabu, halmashauri yenyewe ikapigana zisitolewe, mpaka mwaka 2014 mahakama ya masuala ya taarifa ikaamuru sehemu kubwa iwekwe wazi. Watu walikuwa wameshaondoka muda mrefu. Mtu anayekuambia hawezi kutimiza sharti la umma, halafu anakataa umma usione kwa nini, huyo anaficha kitu. London baadaye walijaribu kurekebisha: mwaka 2017 meya aliweka utaratibu kwamba ukileta asilimia 35 unapita njia ya haraka bila kukaguliwa hesabu, na usipofikisha unakaguliwa na hesabu zinawekwa hadharani. Kama wao waliumia wakajifunza, sisi tunaanzaje pale walipokosea?

Hilo la idadi ya nyumba sitalikalia sana. Portland, Marekani, walianza mwaka 2017 kuwabana wanaojenga nyumba 20 na kuendelea. Kilichofuata ni maombi kumiminika kabla ya tarehe, na baadaye majengo ya nyumba 19. Mtu yeyote angeweza kulitabiri.

Kuhusu kulipa fedha badala ya kujenga: Montreal, Kanada, walianza kanuni yao mwaka 2021, na wengi wa waendelezaji wakachagua kutoa fedha kwenye mfuko. Ufaransa, sheria ya mwaka 2000 iliagiza miji iwe na angalau asilimia 20 ya nyumba za kijamii, baadaye ikapandishwa kuwa 25 kwa sehemu kubwa ya miji hiyo. Neuilly-sur-Seine, mji wa matajiri ubavuni mwa Paris, umepita miongo miwili ukiwa chini ya asilimia 10 na ukitozwa faini. Fedha ya mfuko hainunui kiwanja katikati ya jiji. Inaenda kujenga pembezoni kabisa ambako ardhi ni rahisi, na yule mfanya usafi anaendelea kuamka usiku wa manane kuwahi zamu. Sharti lilikuwa na maana mbili, kuwe na nyumba na ziwe humu tunamofanyia kazi. Fedha inaiua ya pili na kuichelewesha ya kwanza.

Na muda. Kaunti ya Montgomery kule Maryland, Marekani, ndio watu wanaotajwa kila siku kama mfano, walianza tangu 1974. Sawa. Lakini mwanzoni udhibiti wa bei ulikuwa wa miaka mitano tu, kisha kumi, na nyumba nyingi sana zikapotelea sokoni kwa njia hiyo. Ilibidi wafike 2005 ndipo wakaweka miaka 30 kwa nyumba za kuuza na 99 kwa za kupangisha. Rasimu yetu imekuja na muda mfupi kama vile hakuna aliyewahi kujaribu. Mtoto anayezaliwa kwenye nyumba hiyo leo hatamaliza shule kabla wazazi wake hawajaambiwa waanze kulipa bei ya soko.

Halafu kuna udhalilishaji ambao kwenye rasimu haukuguswa kabisa. New York mwaka 2014 liliidhinishwa jengo lenye mlango mmoja wa wenye fedha na mwingine wa wapangaji wa nafuu, mpaka kelele zikapigwa na mwaka uliofuata milango ya namna hiyo ikapigwa marufuku kwenye majengo yanayosamehewa kodi ya serikali kwa kuweka nyumba za nafuu. London mwaka 2019 ikabainika kuna mahali watoto wa upande wa nyumba za kijamii hawaruhusiwi kucheza kwenye uwanja wa jengo lao wenyewe. Palipoahidiwa njia ya kupita palioteshwa ua wa miti. Watoto wanachungulia wenzao wakicheza! Kama hatutaandika wazi kwamba mlango ni mmoja, lifti ni moja, uwanja ni mmoja, tutaletewa hayahaya.

Najua jibu la waendelezaji, nimelisikia leo mara nyingi: "Mkitubana, hatutajenga, na kodi zitapanda zaidi." Sitasema ni uongo mtupu. San Francisco walipandisha sharti hadi asilimia 25 mwaka 2016, mwaka uliofuata wakalishusha, na mwaka 2023 wakalishusha tena kwa sababu ujenzi ulikuwa umekwama. Aliyenunua kiwanja kwa bei ya juu akitegemea faida kamili, ukimshtukiza na sharti zito, atakaa nacho. Lakini dawa ni kutangaza sharti mapema, liwe lilelile kwa wote, lisiwe na mazungumzo ya mlango wa nyuma, ili anayenunua kiwanja kesho aitoe gharama yake kwenye bei anayompa muuzaji. Gharama ibebwe na ardhi. Vienna, Austria, ndivyo walivyofanya: tangu 2019, ardhi ikibadilishwa kuwa ya makazi na mradi ukawa mkubwa, kimsingi theluthi mbili ziwe nyumba zenye ruzuku, na bei ya ardhi kwa nyumba hizo ikawekewa kikomo cha euro 188 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Na jiji lile lilianza kujenga nyumba za umma kwa wingi miaka ya 1920, linatoa ruzuku, halikai kusubiri huruma ya mtu binafsi. Kwa hiyo anayedhani sharti peke yake litamaliza tatizo naye anajidanganya. Ila hiyo si sababu ya kulitoboa.

NYONGEZA: Naona kuna mdau ameandika kwamba mimi nataka "kula jasho la wawekezaji". Mkuu, soma tena aya ya pili. Na wewe uliyeuliza "kwa nini watu wasihamie tu nje ya jiji", nenda kamuulize muuguzi, dereva na mlinzi wa jengo unalofanyia kazi wanatoka saa ngapi nyumbani, halafu urudi tuendelee.

Aliyeuliza tufanye nini: maoni ya maandishi bado yanapokelewa kabla ya kura, na yanaingia kwenye kumbukumbu tofauti na kelele za ukumbini. Andikeni kwa majina yenu. Daini kipimo kitokane na mishahara ya wapangaji wa jiji lenyewe na kusiwe na kiwango cha chini kinachomfungia nje anayelengwa, hesabu za anayeomba kupunguziwa ziwe hadharani kabla ya uamuzi, nyumba zijengwe humohumo ndani ya jengo, na zibaki nafuu muda wote jengo litakaposimama. Na yeyote atakayefanikiwa kumpata diwani wake, amuulize mshahara gani ameutumia kupima unafuu, kisha alete jibu hapa kama lilivyo pamoja na jina la kata.